Kikapu cha Ohio si pambo tupu
Kuna mwandishi aliyedai kwamba jengo lenye umbo la kikapu la Longaberger, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vikapu kule Newark, Ohio, Marekani, ni ofisi ya kawaida iliyovishwa pambo. Hapana, amekosea. Kitako chake ni futi 192 kwa 126, paa ni 208 kwa 142, yaani kuta za ghorofa 7 zinalalia nje kama kikapu halisi. Na ile mishikio! Ina uzito wa karibu tani 150, tena imewekewa mfumo wa kuipasha joto, maana barafu ikiganda huko juu itaangukia paa la vioo lililo chini yake. Kazi kubwa mno. Jengo limekaa bila wafanyakazi tangu 2016. Ni nani atakayelipa gharama ya kuitunza mishikio ile?