Kukaa na gari la AWD lenye CVT: raha yake na masharti yake

Nimekaa na gari la aina hii kwa miaka sita: AWD, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne, na CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Nikiulizwa kama ni zuri, huwa naanza kwa maswali mawili: litapita njia gani, na mwenye gari ni mtu wa kukumbuka oili? Anayetaka ndiyo au hapana hukereka, lakini sijaona namna nyingine ya kumjibu kwa ukweli. AWD watu huisifu peke yake, na CVT huilaumu peke yake. Ukikaa na gari lenye vyote viwili unaona kwamba raha yake na maradhi yake hutokea mahali pale pale: pale nguvu inayotoka kwenye mkanda wa giaboksi inapogawiwa magurudumu manne yanayokanyaga ardhi tofauti.

Naanza na mkanda huo, maana wengi wanaouzungumzia hawajapata kuuona. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida ina seti za gia zenye meno, na kila hatua ina uwiano wake. CVT ina puli mbili, kila moja imeundwa kwa koni mbili zinazotazamana, na katikati yake unapita mkanda wa chuma au mnyororo. Koni zikisogeleana mkanda hupanda, zikiachana huzama. Upande mmoja ukipanda mwingine unazama, na uwiano unabadilika bila hatua yoyote. Wazo hili si la jana. DAF ya Uholanzi ilitoa gari lake la DAF 600 mwaka 1958 likiendeshwa kwa mikanda ya mpira. Subaru ikaweka mkanda wa chuma kwenye kigari chake cha Justy mwaka 1987, na mwaka 2009 ikaingiza CVT ya mnyororo katika Legacy, gari la AWD la familia.

La kushika hapa ni kwamba hakuna jino linaloung'ang'ania mkanda. Kinachouzuia usiteleze ni shinikizo la oili linalozibana koni mbavuni mwake. Oili hiyo hiyo inatakiwa kulainisha, kupoza, na wakati huo huo kuruhusu chuma kishike chuma. Ndiyo maana oili ya otomatiki ya kawaida haimwagwi humo, hata kama rangi zinafanana. Mkanda ukiteleza chini ya mzigo, uso wa puli unakwaruzika, na pale palipokwaruzika mkanda utaendelea kuteleza. Jeraha la namna hiyo haliponi lenyewe.

Sasa wapo wanaoitetea CVT, na wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Chukua mlima wa udongo uliolowa. Gari la otomatiki ya kawaida, hasa la zamani, linapobadilisha gia katikati ya mlima nguvu hushuka kidogo kisha hurudi kwa mshtuko, na mshtuko huo ndio unaoyafanya matairi yaachie. CVT haina mkatiko huo. Nguvu inashuka kwenye magurudumu kama maji yanayomiminwa taratibu, na kompyuta ya AWD inapata nafasi ya kuhamisha sehemu yake nyuma kabla ya mbele kuanza kuzunguka bure. Nimepanda milima ya tope nyuma ya magari yaliyoonekana na misuli kuliko langu, nikayakuta yamepinda pembeni, nami nikapita bila kuongeza mafuta hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulaini wa giaboksi hii ni msaada barabarani, wala si starehe ya abiria tu.

Hoja yao ya pili ni mafuta. AWD ina gharama: shafti ya nyuma, difu ya nyuma, klachi ya kugawa nguvu, yote ni uzito na msuguano. CVT hulipa sehemu ya deni hilo kwa kuiweka injini kwenye mizunguko inayokula kidogo. Ukiwa mjini, kwenye kusimama na kuondoka, unaliona kwenye pampu ya kituo cha mafuta. Kwenye barabara kuu, mwendo mmoja kwa saa nzima, faida hupungua, kwa sababu pampu ya giaboksi inatumia nguvu muda wote kuzibana zile koni, wakati otomatiki yenye gia nyingi inakuwa imekaa kwenye gia yake ya juu imetulia.

Kuhusu mvumo wa injini unaowaudhi wengi, ule wa kukanyaga mafuta na sauti ikapanda kabla ya mwendo, sina mengi. Watengenezaji wameweka hatua za bandia ili isikike kama gia, na mtu huzoea ndani ya wiki mbili.

Lawama iliyo nzito ni nyingine, na hapa siko upande wa watetezi. AWD inampa dereva ruhusa ya kwenda mahali ambapo CVT haitaki kupelekwa. Mtu akiwa na gari la kuvuta mbele tu, anaona mchanga mzito anageuza. Akiwa na beji ya AWD nyuma ya gari, anaingia. Ndani ya mchanga magurudumu yanazunguka kwa nguvu huku gari likitambaa, upepo unaopita kwenye rejeta ni haba, na oili ya giaboksi inapanda joto haraka. Kisha gurudumu lililokuwa likizunguka bure linakutana ghafla na ardhi ngumu au jiwe. Mzunguko wote ule unasimama kwa kufumba na kufumbua, na mshtuko wake unarudi kupitia shafti hadi kwenye mkanda. Kompyuta hujitahidi kukata nguvu ya injini na kuongeza shinikizo la kubana, na mara nyingi hufanikiwa. Lakini gari lenye foo wili ya kweli, lenye gia za chini na giaboksi ya meno, linapokea pigo hilo kwa mfupa. Hili linalipokea kwa msuguano.

Watetezi watasema hayo ni matumizi mabaya, na kwamba gari la AWD la mjini halikuundwa kushindana na jangwa. Nakubali. Ila tatizo halianzii mchangani tu. Mwanzo wa safari, hasa kwenye mlima na mzigo, ndipo mkanda unapobanwa kwenye kipenyo kidogo kabisa cha puli ya injini na kubeba nguvu kubwa kabisa. Toyota ilipotoa CVT yake mpya mwaka 2018, iliongeza gia halisi ya meno kwa ajili ya kuondokea, mkanda ukaingia kazini baada ya gari kushika mwendo. Sioni namna ya kulisoma hilo isipokuwa kwamba wahandisi wenyewe wanaujua udhaifu ulipo, na wameukabili vizuri.

Kuna ushahidi mwingine unaotumiwa na pande zote mbili. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, yaani kilomita kama 193,000. Subaru nayo baadaye ikaongeza ya kwake kwa magari mengi ya AWD ya mwanzo wa muongo uliofuata, hadi miaka 10 au maili 100,000. Mkosoaji anasema: wasingefanya hivyo kama giaboksi zingekuwa nzima. Mtetezi anasema: kampuni haiwezi kujifunga miaka 10 kwa kitu inachojua kitakufa. Mimi nadhani mkosoaji yuko karibu zaidi na ukweli kwa magari ya kipindi hicho, na kwamba mtu anayenunua gari lililotumika anapaswa kuutazama mwaka wa kutengenezwa kwa makini kuliko anavyotazama rangi na viti.

Nije kwenye matairi, jambo ambalo mimi mwenyewe nililipia. Tairi moja la nyuma lilipasuka ubavuni. Niliuliza kama naweza kununua moja tu, nikajibiwa hapana tatizo, saizi ni ile ile. Wiki chache baadaye, nikikata kona kali kwenye maegesho, gari likawa linagoma, kama breki imeshikilia, kisha linaachia kwa mkwaruzo. Nilidhani giaboksi imekwisha.

Hesabu yake ni nyepesi na inatisha. Tairi jipya lina kashata, yaani nundu za kukanyagia, za kina cha milimita 8 hivi. Yale matatu yangu yalibaki na milimita 4. Tofauti ya milimita 4 kwenye nusu kipenyo ni kama milimita 25 kwenye mzingo. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.1, gurudumu dogo linazunguka mara tano au sita zaidi katika kila kilomita. Difu ya nyuma inapokea tofauti hiyo na kupitisha nusu yake mbele, na klachi ya kugawa nguvu inakaa ikiteleza saa zote, hata kwenye lami kavu iliyonyooka, ikijipasha moto bure. Mwongozo wa Subaru kwa magari yake ni kwamba mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6.4, ambayo ni sawa na milimita moja tu ya kashata. Mimi nilikuwa nimepita kikomo hicho mara nne.

Na katika CVT nyingi za Subaru klachi hiyo imo ndani ya giaboksi yenyewe, inaoga oili ile ile inayolainisha puli. Vumbi la sahani zake linaelea kwenye oili inayotakiwa kuwa safi ili mkanda usiteleze. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuzungumzia AWD na CVT kama vitu viwili. Kosa la tairi linakuwa kosa la giaboksi. Nilibadilisha matairi yote manne, nikamwaga oili, na kugoma kukaisha. Tangu siku hiyo nayazungusha matairi kila kilomita 10,000 ili yaishe kwa pamoja.

Kwenye oili ndipo nilipo na hasira hasa. Magari mengi ya CVT yameuzwa na maneno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Mnunuzi wa kwanza anafurahi, anauza gari likiwa na kilomita 90,000, na wa pili anarithi oili iliyochoka. Vitabu vya magari hayo hayo, ukivisoma hadi kurasa za matumizi magumu, mara nyingi vinataka oili iangaliwe au ibadilishwe mapema kwa anayevuta mzigo, anayepanda milima au anayekaa kwenye foleni na joto. Ni madereva wangapi hawaingii humo? Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, kwa oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi anayeijua kazi ataangalia kiwango oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa mfano nyuzi 35 hadi 45 kwa CVT nyingi za Subaru, kwa sababu oili hutanuka na nyingi ya giaboksi hizi hazina kijiti cha kupimia. Anayeimwaga ya baridi na kujazia kwa macho anaweza kuiharibu giaboksi nzima huku akidhani ameihudumia.

Matengenezo makubwa ni hoja ambayo wakosoaji wanashinda bila ubishi. Otomatiki ya meno mafundi wengi wanaweza kuifungua. CVT iliyokwaruzika puli kwa kawaida hutolewa nzima na kuwekwa nyingine. Wakati mwingine ubovu ni wa valvu bodi (inayoelekeza oili ndani ya giaboksi) au toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi) tu, vitu vinavyobadilishwa peke yake, na inafaa kumlazimisha fundi athibitishe kabla ya kuhukumu giaboksi yote. Gari likizima njiani nalo lina sharti lake: libebwe juu ya lori, magurudumu manne yote hewani. Likivutwa huku mawili yakigusa ardhi, unaweza kufika gereji na ubovu wa pili.

Ningelinunua tena? Kwa njia ninazopita, za lami, changarawe na tope la msimu, ndiyo, bila kusita. Kwa mtu anayevuta trela kila wiki au anayeishi kwenye mchanga mzito, ningemwambia atafute otomatiki ya meno au gia za mkono, hata kama litakunywa mafuta zaidi.

Na ukienda kuangalia lililotumika, usiridhike na mzunguko mfupi gari likiwa la baridi. Soma kwanza matairi: yakiwa ya umri na kashata tofauti, jua klachi ya kugawa nguvu imeteseka. Liendeshe nusu saa hadi lipate joto kamili. Kanyaga mafuta polepole kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa usikilize kama linatetemeka. Zungusha usukani hadi mwisho na lizunguke taratibu kwenye uwanja mgumu, uone kama linagoma. Mwisho lirudishe nyuma kupanda mlima, oili ikiwa imechemka, mkanda ukiwa na mzigo. Kama litasitasita kabla ya kuvuta, rudisha funguo.