Mgeni wa Heshima Ndiye Anayechagua Meza

Ikifika katikati ya Novemba, ujumbe unaonifikia kutoka Dar, Dodoma na Mwanza unafanana. Watu wanajiandaa kuja Moshi kwa Krismasi, na katikati ya ibada, vikao vya ukoo na kusafisha makaburi wametenga siku moja ya kumtoa mzazi. Labda ametimiza miaka 70, au amestaafu, au mjukuu amepata kipaimara, au wakwe wanakuja kujitambulisha. Basi wananiandikia: "Tuelekeze sehemu nzuri ya kula." Hakuna neno jingine.

Sina jibu la swali hilo, na naamini hakuna mtu wa Moshi wala Arusha aliye nalo. Sehemu inayowafaa vijana wanane waliohitimu chuo haimfai bibi wa Kibosho anayesumbuliwa na magoti. Kwa hiyo nami huwauliza: mgeni wa heshima ni nani, ana umri gani, akiwa kwake anapenda kula nini, na mezani kuna nani mwenye chakula asichokigusa? Nikishajua hayo, mara nyingi mahali penyewe panajitaja.

Rafiki yangu mmoja alimpeleka mama yake kwenye bustani moja nje kidogo ya mji. Palikuwa pamejaa maua, taa za rangi na muziki. Walikaa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, mbuzi choma ikaja ngumu, spika ilikuwa nyuma ya kichwa cha mama, na choo kilikuwa juu ya ngazi. Mama alikunywa soda, akamega kipande kimoja cha ndizi ya kuchoma, akasema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki." Kila aliyelelewa na mama wa Kichagga anajua kauli hiyo ina maana gani. Fedha zilitumika nyingi, picha zikapendeza, na mama akarudi kwake kupasha kiporo.

Ndiyo maana nasema bila kuzunguka kwamba meza ya sherehe huchaguliwa na mgeni wa heshima, hata kama hajui kwamba amechagua. Anayelipa hachagui, na anayepiga picha hachagui. Kama mzee hana meno mazuri, choma isiwe ndiyo chakula kikuu. Kama hasikii vizuri, mtafute mahali pasipo na muziki, maana siku hiyo watu watasimama kumwambia maneno ambayo hawajawahi kumwambia, naye anastahili kuyasikia yote.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, ambacho ndicho kinachoniuma zaidi. Watu wengi wa Kilimanjaro tunaamini kwamba ndizi ni chakula cha nyumbani, na kwamba ukimtoa mtu lazima ale kitu ambacho nyumbani hakipikwi. Matokeo yake mzee wa miaka 75, aliyekula mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) maisha yake yote, siku yake kubwa anawekewa wali wa njano, tambi na kuku wa kisasa kwenye bufee. Siikubali tabia hiyo. Machalari yaliyopikwa vizuri ni chakula cha heshima kabisa, na ni magumu kuyapatia kuliko watu wanavyodhani. Yanataka ndizi mshare mbichi zilizomenywa siku hiyohiyo. Nyama yenye mfupa inachemshwa kwanza mpaka inalainika na supu yake inakuwa nzito, halafu ndipo ndizi zinaingia, ziive bila kuvurugika. Yakishaiva hayasubiri. Ukiyaweka kwa muda wa saa tatu kwenye vyombo vya bufee vyenye moto chini yake, ndizi zinanyonya mchuzi wote na nyama inabaki kavu. Ndiyo sababu hoteli nyingi zenye bufee zinayaharibu hata kama mpishi ni hodari. Mpigie meneja siku mbili tatu kabla, mwambie unataka machalari ya meza yako, yapikwe kwa ajili ya saa utakayofika. Jikoni wakikujibu kwamba haiwezekani, wameshakueleza mengi kuhusu jiko lao.

Mtori nao una nafasi yake. Ni chakula cha mama aliyejifungua, kila mtu hapa anajua, na kwa ubatizo wa mtoto sioni chakula kingine kinachostahili kuanza. Ni laini, kwa hiyo wazee wanaunywa kwa raha na watoto wadogo pia. Nimekula mtori wa mama lishe wa karibu na soko la Mbuyuni uliouzidi kwa mbali ule wa hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, kwa sababu yule mama anapika sufuria moja, inaisha mchana, kesho anaanza upya. Wapo wenye ukumbi mdogo au bustani mjini wanaokubali uje na mpishi wako, nawe ukalipia nafasi, viti na vinywaji. Ukiweza kuunganisha hivyo viwili, yaani mkono wa yule mama na kivuli kizuri na viti vyenye egemeo, umepata sherehe.

Kuhusu ndafu, naomba watu wa mijini wanielewe. Mbuzi mzima wa kuchoma si kitu cha kuagiza ukishakaa. Anachaguliwa, anachinjwa, anaandaliwa na kukaa kwenye moto kwa saa nyingi, na oda inawekwa siku kadhaa kabla pamoja na advansi. Choma ya kilo ni rahisi zaidi, lakini nayo ina utaratibu wake. Mmoja wenu atangulie, aende buchani, achague mbavu au paja kwa macho yake, aone mzani, akubaliane na mchomaji saa ya kuleta mezani. Kwa watu ishirini nyama inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Wageni wakifika wote kwa pamoja ndipo mwanze kuchagua, wazee watakaa na njaa mbele ya chupa za maji, na mwenye kisukari atapata shida ya kweli.

Kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kulitaja, nami nalitaja kila mara: kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Mkoa huu familia zimechanganyika. Mkwe anatoka Tanga au Kondoa, shemeji ni wa Ugweno, shangazi ni Msabato. Baa nyingi za nyama choma zinachoma nguruwe na mbuzi kwenye jiko moja, kwa koleo moja na ubao mmoja wa kukatia. Kumwambia mgeni Mwislamu "wewe utakula samaki" si heshima, kama samaki mwenyewe anakaangwa kwenye mafuta yaleyale. Uliza mapema: hapa mnapika kitimoto? Moto ni tofauti? Nani anachinja? Mwenye biashara mwaminifu hachukii maswali hayo. Ukiona anacheka na kusema, "Hakuna shida, huoshwa," tafuta kwingine, maana mkwe akikosa kula siku ya kujitambulisha, ukoo wake utalizungumza kwa miaka.

Kwa Arusha jambo hilo lina majibu mazuri. Mtaa wa Msikiti pana Khan's, ambapo mchana ni duka la vipuri vya magari na jioni makaa yanawashwa, kuku na mishkaki vinachomwa na meza ndefu ya kachumbari na saladi inapangwa. Familia yenye Waislamu inakaa pale bila mtu yeyote kulazimika kuuliza swali. Watoto wanafurahi, na mgeni kutoka mbali anapata kitu cha kusimulia. Lakini hapo ni mtaani. Siwezi kukuelekeza pale kama mna mzee wa kuketi kwa muda wa saa nne, risala ya kusoma na keki ya kukata. Napasifia kwa jioni ya kumpongeza kijana aliyefaulu mtihani, na ninaposifia nataka kusema hivyo hasa, kuliko kusema tu kwamba ni pazuri.

Na kwa Moshi, nikiambiwa mgeni wa heshima ni mzee aliyelima kahawa, huwa naitaja Union Café, mgahawa wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1933, na wazee wengi wa mlimani walisomesha watoto kwa fedha ya kahawa iliyopitia kwake. Wapo waliochuma kahawa miaka arobaini na wakazeeka wakinywa chai. Kumkalisha mzee kama huyo mbele ya kikombe cha kahawa ya mlima wake mwenyewe, iliyokaangwa hapahapa mjini, na wajukuu wakamwuliza zamani walikuwa wanapeleka wapi magunia, ni jambo ambalo bufee haliwezi kulifanya. Si mahali pa watu hamsini. Ni pa watu sita, saa nne asubuhi, kabla ya kwenda kula nyumbani.

Halafu kuna mlima. Sehemu nyingi za Moshi zinajinadi kwa kuuona Kilimanjaro ukiwa mezani, na watu wanaotoka mbali wanachagua kwa sababu hiyo. Mlima huonekana zaidi alfajiri na asubuhi mapema, na mara nyingine jioni wingu likishuka. Saa saba mchana, wakati wa sherehe nyingi, kwa kawaida umefunikwa. Kama mnataka picha ya familia na mlima nyuma, fanyeni kifungua kinywa, au njooni saa kumi na moja jioni na mwombe Mungu. Msilipie mandhari ya mchana.

Hali ya hewa nayo inahukumu. Moshi mjini ni chini, na Februari saa saba chini ya bati lisilo na dari hapakaliki. Arusha ipo juu zaidi, na Julai jioni bustani ni baridi kiasi kwamba bibi atamaliza sherehe amejifunika kanga ya kila binti aliye mezani. Machi hadi Mei ni masika, hivyo anayekuuzia bustani akuonyeshe pia paa.

Malipo nitayapitia haraka. Uliza kama bei zilizoandikwa zina VAT ndani, kwa sababu asilimia 18 juu ya meza ya watu thelathini si pesa ndogo. Uliza kama keki yako na soda zako zinaruhusiwa na kwa kiasi gani. Advansi ilipwe kwa namba ya biashara, na makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu.

Mahali papya napapima kwa njia moja. Naenda Jumanne mchana, wakati hakuna anayejiandaa kwa ajili ya mtu. Naagiza vitu vya kawaida, wali, maharage na mboga ya majani ya mnafu, au supu. Jiko linalojali mnafu, likauosha mchanga wote na kuutoa ukiwa bado kijani, litajali na nyama. Naangalia kachumbari imekatwa saa ngapi. Naingia chooni, naangalia kama bombani pana maji na sabuni. Zaidi ya yote, namwangalia mhudumu. Akiingia mzee mwenye viatu vyenye vumbi la shamba, je, anaamkiwa shikamoo na kuvutiwa kiti, au anaachwa amesimama huku mtalii wa meza ya jirani akiletewa menyu? Chumvi ikizidi naweza kusamehe. Hilo la pili silisamehi, na mahali penye tabia hiyo simpeleki mtu wala simwelekezi mtu.

Nawaomba pia wanaosifia sehemu mitandaoni waseme walikula nini, siku gani, wakiwa na nani, na kama walilipa au walialikwa. Anayesoma anaweka akiba ya miezi juu ya neno lako. Mpishi akihama, sehemu inabadilika ndani ya wiki moja, na sifa za mwaka juzi zinakuwa hazina kazi. Mimi nisipokuwa nimekula mahali hivi karibuni, humwambia anayeuliza apige kwanza simu, aulize kama mpishi ni yuleyule.

Kwa mwaka huu ushauri wangu ni kuhusu tarehe. Tarehe 25 na 26 Desemba mji unajaa, na wapishi nao wana kwao. Wengi wanapanda Marangu, Machame na Rombo kama sisi, jikoni wanabaki vibarua. Bei za ndizi na mbuzi sokoni zinakuwa juu. Subirini kidogo. Tarehe 28 hadi 30 wapishi wamerudi, wageni wamepungua, na meneja ana muda wa kukusikiliza. Wekeni oda mwanzoni mwa mwezi, mfike saa sita na nusu kabla jikoni hakujachanganya, na mama apakuliwe wa kwanza.