Mbolea ya ruzuku: ile asilimia 60

Kila msimu wa mbolea ya ruzuku unapofika, lawama ni ileile: kwa kuwa kila mkulima aliyejiandikisha anapata kulingana na ukubwa wa shamba lake, mwenye ekari 50 anafaidi mara 50 ya mjane mwenye ekari moja. Wanaolalamika wanataka wakulima wachujwe, ruzuku iwaendee maskini peke yao. Hoja yao ina uzito. Mkulima mkubwa angenunua mbolea hata bila ruzuku, kwa hiyo fedha ya umma inayomfikia huenda isiongeze gunia hata moja la mahindi ghalani.

Ila kuchuja tulishajaribu. Kuanzia 2008 Tanzania ilikuwa na ruzuku ya vocha. Kijiji kilichagua kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, nayo ikateua wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, kaya zinazoongozwa na wanawake zikitangulia. Kwenye karatasi huoni kasoro. Kisha watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen wakafuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro. Katika utafiti wao uliochapishwa 2012, karibu asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikuwa zimeishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa.

Asilimia 60! Wengi huisoma kama ushahidi wa wizi tu, na sitamtetea mwenyekiti aliyejiandika yeye na shemeji zake. Lakini iangalieni tena. Vocha ililipa nusu ya bei. Nusu nyingine ilitakiwa itoke mfukoni mwa mkulima, taslimu, na masharti yenyewe yalisema ateuliwe anayeimudu. Yaani kamati ilitumwa kutafuta maskini mwenye fedha. Kijijini, msimu wa kupanda, akiba imekwisha na ada za shule zinakaribia, huyo ni nani? Ni mwenye duka, ni mwenyekiti mwenyewe. Safari ya kufika asilimia 60 ilianzia kwenye masharti, kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza.

Na maskini aliyeteuliwa kwa haki? Anafika kwa wakala wa pembejeo na vocha zake tatu: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Nusu ya bei hana. Wakala anampa noti chache, yeye anaweka dole gumba kwamba amepokea, mfuko unabaki stoo. Vitabuni amepokea, shambani anapanda kama mwaka jana. Malalamiko ya namna hii hayakuwa machache.

Mfumo wa ruzuku uliozinduliwa Mbeya Agosti 2022 hauulizi nani maskini. Mkulima anajiandikisha kijijini kwake, ukubwa wa shamba unaingizwa kwenye mfumo, anakwenda kwa wakala na namba yake. Msimu ule mfuko wa urea wa kilo 50 ulishuka hadi shilingi 70,000, kutoka zaidi ya 120,000. Wakosoaji hulipita haraka jambo moja hapa: haki ikiwa ya kila mkulima, hakuna anayekaa na kalamu kuamua jirani gani apate. Tena yule wa ekari 50 ana kazi yake. Mbolea ikichelewa atapiga simu wilayani, na simu yake itapokelewa. Lori likija, linamletea na mjane. Ruzuku ya maskini peke yao ikichelewa, nani atapiga simu?

Kuweka ukomo wa ekari kwa kila mkulima ningekubali hata kesho, maana hakuhitaji kamati. Ingawa mwenye ekari 50 naye anajua kuandikisha watoto wake.

Linalonisumbua ni jingine. Mifuko miwili kwa ekari, wa kupandia na wa kukuzia, kwa bei ile ilikuwa shilingi 140,000, mbegu bado. Mjane aliyewahi kumuuzia wakala vocha alirudi nyumbani walau na zile noti. Sasa ana namba kwenye mfumo, na namba hiyo bila fedha ya mifuko haimletei mbolea wala noti.