Asilimia 18 ya Shepard na vijana wanaoulizwa "mbona unacheza demu?"

Kijana wa kiume akichagua mhusika wa kike kwenye gemu, Tanga hii hakawii kuulizwa: "Mbona unacheza demu?" Kwenye vibanda vya gemu mtaani Ngamiani swali halizuki sana, maana kule watu wanalipia muda na muda wenyewe unaishia kwenye mpira. Linazuka nyumbani, kwenye kompyuta ya mtumba, ambako mtu anakaa na gemu la hadithi wiki kadhaa na wenzake wanakuja kuchungulia.

Magemu mengi ya hadithi yanakuchagulisha mhusika wa kiume au wa kike, kila mmoja na sauti ya mwigizaji wake. Wanaotetea sauti ya kiume wana hoja, tena si ya kubezwa. Gemu la aina hii linakutaka useme "mimi". Ukijibu ikatoka sauti isiyofanana na yako, wapo wanaojiona wametolewa kwenye hadithi wakabaki watazamaji. Gharama nayo ipo. Kwa Fallout 4 ya 2015, Brian T. Delaney, sauti ya kiume, alirekodi mistari zaidi ya 13,000, na Courtenay Taylor, sauti ya kike, akarekodi kiasi hicho hicho. Ndiyo maana wengine wanakwepa: The Witcher 3 inakupa mwanamume mmoja tu, Geralt, hakuna mjadala, Baldur's Gate 3 inamwacha mhusika wako karibu bubu, majibu unayasoma mwenyewe.

Kinachonikera ni ile takwimu. Studio ya BioWare ilipotoa hesabu za Mass Effect 3, gemu la 2012 ambalo mhusika wake mkuu, Kamanda Shepard, unamchagua awe wa kiume au wa kike, waliocheza na wa kiume walikuwa asilimia 82, wa kike 18. Tangu hapo 18 imekuwa hukumu: watu hawamtaki, basi. Lakini mnunuzi alionyeshwa nani? Jalada la gemu la kwanza la mfululizo huo, 2007, lilikuwa na mwanamume. Sura yake ilichukuliwa kwa mwanamitindo Mark Vanderloo, imekamilika kila kitu. Shepard wa kike alingoja hadi gemu la tatu kupata sura rasmi ya kutangazwa nayo, tena mashabiki wakaipigia kura mtandaoni. Mwenye haraka anabonyeza kuendelea na yule aliyekwisha kuandaliwa, naye anaingizwa kwenye 82. Huyo kachagua nini?

Mwaka 2021 magemu yote matatu yakatolewa upya kwa pamoja, na sura ile ya kike ikawekwa tangu gemu la kwanza. Hesabu ikawa 68 kwa 32. Sitaki kuikamua kupita kiasi: miaka tisa ilikuwa imepita, na bila shaka wengi walionunua walikuwa mashabiki wa zamani, walioshamaliza na yule wa kiume wakataka kuonja mwingine. Hata tukitoa hao, namba inayoweza kukaribia mara mbili namna hiyo haifai kuitwa tabia ya wachezaji.

Halafu wengi wanaomchukua Shepard wa kike wanafuata uigizaji. Jennifer Hale, sauti ya Shepard wa kike, na Mark Meer, sauti ya wa kiume, wanasema karibu mistari ile ile. Hale anaipa amri ya kijeshi hasira aliyoizuia kooni; Meer, hasa katika gemu la kwanza, anaipitisha kavu. Kassandra, mhusika wa kike wa gemu la Assassin's Creed Odyssey, ni hivyo hivyo: mwigizaji wake, Melissanthi Mahut, aliingia kwenye wateule wa uigizaji bora wa tuzo za The Game Awards 2018, ilhali jaladani amesimama Alexios, mwenzake wa kiume. Kwa mchezaji wetu ambaye Kiingereza cha haraka kinamponyoka, lafudhi na pumzi za mwigizaji ndizo zinazomwambia kama anatishwa au anabembelezwa.

Tena mji wenyewe ni huu wa kikundi cha taarabu cha Black Star na mwimbaji Shakila Saidi. Taarabu imejaa mashairi yaliyotungwa na wanaume, mwanamke akasimama akaimba "mimi" ya mtunzi, na wanaume wakainuka kwenda kumtuza. Sijasikia mzee yeyote aliyeulizwa kwa nini moyo wake unasemewa na sauti ya kike.

Studio zikitaka namba ya kuaminika, njia ipo. Waweke watu wawili kwenye skrini ya kwanza, wamekamilika sawasawa, asiwepo aliyetiwa alama tayari. Kila mmoja awe na kitufe cha kusikiliza sauti yake kabla hujaamua, na matangazo yawagawie muda sawa. Baada ya hapo ikirudi 18, mimi nitanyamaza.