Huku hakuna anayesubiri mkeka wa Ikulu

Ndugu zangu wa Bongo, wengi wenu mkijua mtu anaishi Ujerumani mnamuuliza habari za kansela, yaani mkuu wa serikali, zamani Merkel, siku hizi Merz, lakini habari za rais wa huku sijawahi kuulizwa na mtu. Siwalaumu, maana hata hapa Dortmund unaweza ukafanya kazi na Mjerumani mwaka mzima usimsikie akimtaja rais wake. Lakini yupo, anaitwa Frank-Walter Steinmeier, kaingia 2017 akarudishwa 2022 na mwaka 2027 anaondoka kwa sababu vipindi ni viwili tu mfululizo. Nataka niwaeleze huyu mtu anapatikanaje na anafanya nini, alafu niseme linaloniuma kuhusu kwetu.

Kwanza wananchi hawampigii kura kabisa. Wanakutana wabunge wote wa bunge la taifa na idadi ileile ya wajumbe waliochaguliwa na mabunge ya majimbo yao 16, na kwenye hao wajumbe wanaweza kuweka hata mtu asiye mwanasiasa, 2017 alikuwemo Joachim Löw aliyekuwa kocha wa timu ya taifa. Hakuna mjadala mle ndani, ni kura ya siri, raundi mbili za mwanzo lazima upate zaidi ya nusu, ikifika ya tatu anayeongoza anachukua, siku moja mambo yameisha. Hakuna fulana wala khanga za mgombea, hakuna wasanii jukwaani.

Walifanya hivyo makusudi. Zamani walikuwa wanamchagua rais wao moja kwa moja na alikuwa na nguvu kubwa, aliweza kutawala kwa amri za dharura bunge likae pembeni, na rais huyohuyo, Hindenburg, ndiye aliyemteua Hitler kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933. Baada ya vita walipoandika katiba mpya ya 1949 wakasema hapana, rais abaki ila meno yang'olewe. Sasa hivi karibu kila amri yake haina nguvu mpaka kansela au waziri husika naye asaini.

Msidhani lakini kwamba ni sanamu la kufungulia maonyesho. Mwaka 2006 rais wa wakati huo Horst Köhler aligoma kusaini sheria mbili zilizokuwa zimeshapita bungeni, aliona zinagongana na katiba, na zikakwama kweli. Desemba 2024 kansela wa wakati huo Scholz aliponyimwa imani na wabunge, Steinmeier ndiye aliyelivunja bunge ili watu wakapige kura Februari 2025. Na akiguswa na kashfa anaondoka, Christian Wulff alijiuzulu Februari 2012 waendesha mashtaka walipoomba aondolewe kinga, kesi iliyofika mahakamani ilikuwa ya kama euro 700 za hoteli na chakula, tena akashinda, lakini urais ulikuwa umeshaenda. Euro 700! Kitu kimoja tu naona sisi tumewazidi, hawajawahi kuwa na rais mwanamke hata mmoja na sisi tunaye tangu 2021.

Wa Songea mnamkumbuka huyu Steinmeier, alikuja Novemba 2023, akaenda pale makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Chifu Songea Mbano kwa yale Wajerumani waliyofanya 1905 mpaka 1907. Mimi yale maneno yalinigusa sana, sikutegemea kuyasikia maishani mwangu. Ila watu nyumbani wakauliza sasa fidia lini, na hapo ndipo unapouona mpaka wa kazi yake, rais wa huku anaweza kuomba msamaha kwa niaba ya taifa zima lakini hela hawezi kutoa hata senti, hela ni ya serikali na bunge, na hao ndio wa kubanwa.

Sasa turudi kwetu. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 37 inasema rais yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapomtaka. Huyo huyo anateua mawaziri, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, majaji, IGP, CAG, na wabunge mpaka kumi, na hata wajumbe wa tume inayosimamia uchaguzi wake. Ndio maana nchi nzima inakaa usiku inasubiri mkeka, nani kateuliwa nani katenguliwa. Na DC aliyewekwa kwa mkeka akiamka asubuhi anamuwaza nani, mama anayechota maji kilomita tatu au aliyemteua? Jibu mnalo. Mama huyo hana namna ya kumtoa, kwa hiyo anasubiri msafara wa rais upite na anainua bango, na rais akisimama akamuuliza mkurugenzi hadharani mbona hawa hawana maji, ghafla bomba linaonekana. Watu wanapiga makofi, na mimi zamani nilikuwa nafurahi nikiziona hizo video, sasa hivi naumia, kwa sababu kijiji cha pili ambako msafara haukusimama wao wafanyeje?

Hapa Dortmund meya anachaguliwa na wakazi. Chama cha SPD walikuwa na kiti hicho tangu miaka ya 1940, Septemba 2025 watu wakachoka wakampa wa chama kingine, CDU, basi, hakuna simu kutoka Berlin. Barabara ikiwa mbovu watu wanamsumbua yeye na madiwani wake, rais hata hatajwi.

Sisemi tuige urais wa Kijerumani, sisi tunataka kumchagua rais wetu wenyewe na ni haki yetu. Ila mtu mwenye madaraka makubwa hivyo basi angalau awe anahojika, na ibara ya 41(7) inasema tume ya uchaguzi ikishamtangaza mshindi hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika, ambayo iko Arusha kwetu wenyewe, ilishasema tangu 2020 kwamba kipengele hicho kinavunja haki. Wakenya wenzetu mahakama yao ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, ukarudiwa, nchi ikaendelea. Sisi Oktoba 2025 wagombea wa CHADEMA na ACT-Wazalendo hawakuwemo kwenye karatasi ya urais, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, tuliokuwa huku tunatafuta ndugu hatuwapati hewani, alafu ikatangazwa rais kashinda kwa karibu asilimia 98 na aliyekuwa na malalamiko hana mlango wa kugonga. Kama mlango wa mahakama umefungwa mnataka watu wapeleke wapi hasira?

Na haya si mawazo ya sisi tuliokaa ughaibuni tukajisahau. Tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ya katiba mpya ilizunguka nchi nzima, wananchi wakasema, rasimu ya 2013 ikataka mawaziri wathibitishwe na bunge, matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani na mgombea binafsi aruhusiwe. Bunge la Katiba likaibadilisha 2014, kura ya maoni juu ya hiyo iliyobadilishwa ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo. Mimi nataka ile rasimu irudi mezani kama wananchi walivyoisema, tuanze na ibara ya 41(7) na wakuu wa wilaya, hayo mawili hayahitaji miaka kumi.

Na jingine, sisi wa nje tuwekwe kwenye hilo. Wakenya wa Ujerumani mwaka 2022 walimpigia kura rais wao hukuhuku. Mtanzania wa hapa anatuma hela za ada na hospitali kila mwezi, pasipoti yake ni ya Tanzania, lakini akitaka kumchagua rais lazima akate tiketi arudi kwenye kituo alichojiandikisha.