Nesi wa wodi ya moto, abaki au azungushwe?

Huku Mwanza sisi manesi tuna ubishi hauishi, nesi wa wodi ya walioungua akae hapohapo miaka na miaka au azungushwe kila baada ya miezi kadhaa kama wodi zingine. Mi nina mwaka wa sita humo.

Wanaotaka abaki wana hoja nzito. Chukua mvuvi wa dagaa wa kisiwa cha Ukara, petroli imemlipukia saa nane usiku akijaza injini karabai inawaka pembeni (wapo bado, sio wote wamehamia taa za sola), mpaka apate boti na afike mjini ni saa tatu asubuhi. Hesabu ya Parkland, ile ya maji ya dripu ya saa 24 za kwanza kwa aliyeungua, ni mililita 4 mara kilo zake mara asilimia aliyoungua, nusu iingie ndani ya saa 8 za kwanza, na hizo saa zinaanza pale moto ulipomshika, kwahiyo 7 zimeshaliwa ziwani. Nesi mgeni anaanza kuhesabu dripu inapotundikwa. Mzoefu swali lake la kwanza ni "kaka, umeungua saa ngapi?" halafu jicho haliondoki kwenye mfuko wa mkojo, ndio unaosema kama maji yanatosha. Na vidole jamani, mgeni anavifunga vyote pamoja kama ngumi, vikipona vimeshikana.

Ila wanaosema tuzungushwe hawajakosea, na hapa naongea kwa aibu. Juzi nilikuwa namsafisha mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji, gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) imegandia kwenye kidonda, inatakiwa uiloweshe na maji ya chumvi usubiri ilegee. Mi nikalowesha kidogo nikavuta, wengine tisa walikuwa wananisubiri. Kilio wala sikukisikia, mpaka mama yake akaniambia taratibu, "sista, anakuita shangazi." Mwaka wa kwanza nikitoka zamu nilikuwa siwezi hata kunusa perege wa kukaanga, siku hizi nakula freshi tu.

Kwangu mtu abaki, lakini kila mwaka atolewe miezi miwili aende hata kliniki ya chanjo, na mgeni atembee nyuma ya mzoefu kwanza. Wakubwa watasema watu hawatoshi, na ni kweli, usiku kuna siku niko peke yangu.

Yule mtoto kesho yake nililowesha, nikakaa kitandani kwake dakika kumi nzima, gozi ikatoka yenyewe. Akiona toroli bado anajificha nyuma ya mama yake.