Ukilipa kodi ya jengo, umetambuliwa au umekatwa tu?

Nunua umeme wa shilingi elfu kumi mwanzoni mwa mwezi, halafu usome hadi chini ujumbe wa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kuna VAT asilimia 18, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, na shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Makato hayo hayaulizi kama nyumba ina hati, leseni ya makazi (kibali cha muda cha kuishi kwenye kiwanja kisicho na hati) au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wala hayaulizi kama imesimama kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara.

Ubishi huzuka bomoabomoa inapopita. Mwenye nyumba anasema: nimelipa kodi miaka yote hii, leo mnaniitaje mvamizi? Anajibiwa kwa mkato kwamba kodi si hati.

Kisheria jibu hilo lina mashiko. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba yetu, na tunachopewa ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Ndiyo maana ardhi ina pango lake na jengo lina kodi yake. Aliyelipia jengo hajalipia ardhi. Tena risiti ingekuwa kinga, watu wangekimbilia bonde la Msimbazi, eneo la mafuriko jijini Dar es Salaam, wainue chumba kimoja, wavute umeme na kusubiri fidia. Na ukimsamehe kodi aliyejenga bila kibali, jirani yake aliyehangaika na upimaji miaka nenda rudi atajiona mjinga. Hoja hizi sizipuuzi.

Lakini tumtazame huyo anayeitwa mvamizi. Mwaka 2017, upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha ulifagia majengo yaliyokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zilikuwamo nyumba zenye umeme na maji, za watu waliozeeka humo. Taasisi za umma zilikuwa zimewafikia mlangoni zaidi ya mara moja, hii kufunga mita, ile kudai kodi. Iliyokuja mwisho ilibeba rangi nyekundu ya kuchora X, alama ya nyumba ya kubomolewa. Mwaka huohuo sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo nayo ilikutwa ndani ya hifadhi, ikaamriwa kubomolewa. Shirika la umma lenye wanasheria wake linajikuta hapo. Mwalimu mstaafu aliyeuziwa kiwanja mbele ya mjumbe angejulia wapi?

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni kiwango. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida hulipa 18,000 kwa mwaka, na ghorofa 90,000 kwa kila sakafu. Kwa hiyo nyumba ya chini Masaki, mtaa wa matajiri Dar es Salaam, yenye hati ya miaka 99, hulipa sawasawa na nyumba ya chini iliyo bondeni ambayo wakati wowote inaweza kuchorwa X. Kodi ingefuata thamani ya soko, ya bondeni ingeshuka, maana hakuna anayenunua ghali mahali asipojua atakaa hadi lini. California wanalifanyia hesabu jambo hilo. Mwenye kibanda chake cha mapumziko ndani ya msitu wa taifa hutozwa na kaunti kwa haki yake ya kutumia kiwanja kile, na muda wa haki hiyo huingia kwenye tathmini. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu kodi ya namna hiyo hata kwa watumishi wa idara ya misitu waliokaa nyumba za serikali.

Kwetu kiwango kimoja ni rahisi kukusanya, na kuthamini nyumba mojamoja kuna gharama. Sawa. Ila matokeo yake ni kwamba wakati wa kukata, asiye na uhakika anahesabiwa kama mwenye uhakika wote, na wakati wa kubomoa anahesabiwa hana kitu. (Na anayekatwa mara nyingi ni mpangaji, aliyeachiwa amalizane mwenyewe na mwenye nyumba.)

Sheria ya Ardhi ya 1999 haikufunga mlango kiasi hicho. Misingi yake inataja fidia kamili, ya haki na kwa wakati si kwa mwenye hati peke yake, bali pia kwa ukaaji wa muda mrefu unaotambulika. Nani ametambua, kama si dola inayochukua kodi kila mwezi? Hapo risiti haidai ardhi. Inathibitisha kwamba mtu alikaa, tangu lini, na serikali ikijua. Kwa ushahidi huo alipwe thamani ya jengo, ardhi ibaki ya umma. Aliyejenga baada ya kuonywa kwa maandishi asihusike.

Leseni ya makazi haiwezi kuziba pengo hili, kwa kuwa haitolewi kwenye hifadhi za barabara wala maeneo ya hatari. Kwa hiyo kazi inabaki kwa TRA (mamlaka ya mapato) na TANESCO: kabla mita haijaunganishwa na kodi, namba yake ilinganishwe na ramani za TANROADS (wakala wa barabara) na za wizara ya ardhi. Nyumba ikionekana imo ndani ya hifadhi, mwenyewe apewe barua wiki hiyohiyo na makato yasianze.